Maswali yenu kuhusu herufi nene zilizobanana

Vichekesho vya picha vya WhatsApp, vile vya maandishi meupe yenye ukingo mweusi, hutumia fonti gani? (Mwanafunzi, Morogoro)

Ni Impact. Ilichorwa na Mwingereza Geoffrey Lee, ikatolewa mwaka 1965 na kiwanda cha herufi za risasi cha Stephenson Blake, Sheffield. Lee alitaka wino ujae karatasini kadiri inavyowezekana. Angalia "a" na "e" zake: herufi ndogo zimerefuka hadi karibu zizifikie kubwa, na matundu ya ndani yamebaki kama nyufa. Kuingia kwake kwenye vichekesho hakukutokana na usanii. Mwaka 1996 Microsoft iliigawa bure pamoja na fonti nyingine za wavuti, kisha ikakaa ndani ya Windows, basi kila mtu akaikuta kwenye kompyuta yake. Ukingo mweusi ni wa kufanya maandishi yasomeke juu ya picha ya rangi yoyote.

Natengeneza mabango ya harusi na mikutano. Maneno yetu ni marefu. Nikiibana Arial kwa mkono ili iingie, kuna ubaya gani? (Fundi, Mwanza)

Upo, kaka, na unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Shida yako naielewa: WANAWAKARIBISHA ni neno moja tu, lakini lina herufi 15. Ila ukishika kona ya maandishi ukayasukuma, nguzo zinazosimama hukonda huku mistari inayolala ikibaki na unene wake. Itazame H: miguu myembamba, mkanda mnene.

Mchoraji anayebana tangu mwanzo hafanyi hivyo. Nguzo anaziacha na unene wake, mbavu za O anazinyoosha ziwe wima, na nafasi anaipunguza ndani ya herufi. Mmarekani Morris Fuller Benton alipochora Alternate Gothic mwaka 1903, aliitoa kwa upana wa aina tatu, Na. 1 hadi Na. 3, ili mpiga chapa achague inayoenea badala ya kulazimisha. Ile Na. 1 ndiyo mama wa League Gothic, ambayo leo unaipakua bure. Jaribu hiyo, au Anton, au Oswald. Isipoingia hata hapo, basi fonti haina kosa, maneno ndiyo yamezidi. "Karibuni" inatosha.

Nimeweka Bebas Neue, lakini nikiandika herufi ndogo zinatoka kubwa. Kompyuta imeharibika?

Haijaharibika. Mchoraji wake, Ryoichi Tsunekawa wa Japani, hakuiwekea herufi ndogo. Na kwetu si jambo geni: jina la kanga nalo huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Naweza kuandikia ratiba nzima ya sherehe kwa Impact?

Hapana. Ikiwa ndogo, yale matundu huziba wino na "e" inageuka doa. Kichwa tu. Ratiba ipe fonti ya kawaida.

Kwenye bango la NG'OMBE CUP, alama ya juu imekaa kama msumari. Nifanyeje? (Dada wa Kilifi)

Umetumia ile alama iliyonyooka ya kibodi. Weka iliyopinda, kisha ongeza nafasi kidogo tu baada yake, maana herufi hizi zimesongamana na alama humezwa. Mimi nikipata fonti mpya, neno la kwanza kuandika ni NG’. Ikishindwa hapo, naifuta.

Nikichapa fulana za kuuza kwa Anton au Bebas Neue, nitadaiwa?

Hudaiwi. Zote mbili ziko chini ya leseni huria ya fonti ya shirika la SIL, inayoruhusu kazi ya biashara. Usichoruhusiwa ni kuuza faili la fonti lenyewe peke yake. Zipakue kutoka Google Fonts, maana mitandao mingine hugawa matoleo ya zamani au yenye leseni tofauti.