Watoto waliocheza volkano nyuma ya choo

Mwaka 2021, wiki chache baada ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu wa Goma, mashariki ya Kongo, kulipuka, niligundua kwamba watoto wangu wa materneli, darasa la wadogo kabla ya shule ya msingi, wana mchezo wa siri. Walikuwa wanaucheza nyuma ya choo cha shule, kwa sababu mbele ya darasa nilikuwa nimeshaukataza mara mbili.

Wakaaji wa Goma hawana haja ya kuelezwa siku zile. Mlima ulipasuka Jumamosi jioni, Mei 22. Lava ikashuka hadi Buhene, ukingoni mwa mji, ikasimama, lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka usiku na mchana, na tarehe 27 tukaambiwa sehemu kubwa ya mji ihame. Tulitoka na magodoro kichwani, wengine kwa njia ya mji mdogo wa Sake, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda, wengine wakapanda boti. Tuliporudi darasani mimi nilikuwa na wazo moja tu: watoto wamepoteza muda, lazima tuufidie. Nikatoa madaftari. Mistari ya a, mistari ya i, kila mtoto kwenye benchi lake, mikono juu ya meza.

Wakitoka nje tu, mmoja anajifunga kitambaa chekundu: huyo ndiye moto. Wengine wanapiga mayowe na kukimbia. Msichana mmoja wa miaka minne alijifunga jiwe mgongoni kwa kipande cha kitenge, akawa analibembeleza huku anakimbia: "Nyamaza, nyamaza, tunafika." Nilipoona lile jiwe mgongoni moyo ulinipasuka. Nikawagombeza. Niliona wanaita mabaya, tena niliona wanajitonesha kidonda.

Mwalimu mwenzangu, mama ambaye alikuwa tayari anafundisha wakati wa volkano ya Januari 2002, ndiye aliyenizuia. Akaniambia, "Usiwafukuze. Nenda ukae nao. Ukae chini kabisa, usiseme kitu."

Nikaenda nikakaa juu ya jiwe. Siku ya kwanza waliacha kucheza kwa sababu yangu. Siku ya pili yule msichana akaniletea bidoni tupu, dumu la kuchotea maji. "Mwalimu, beba. Tunaenda Sake." Nikabeba. Tukazunguka uwanja mzima mpaka ukuta wa mwisho, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kwa mbali sikuweza kukiona: safari yao haikuwa na mwisho. Wakifika ukutani wanarudi kuanza upya, moto, mayowe, mbio. Basi nikauliza tu, "Haya, tumefika Sake. Tunalala wapi?"

Walitazamana. Swali hilo liliwashughulisha wiki nzima. Walileta kitenge wakakitandaza juu ya mabenchi mawili. Wakabishana nani alale karibu na mlango, mbabula, lile jiko la makaa, iwekwe wapi ili isichome nguo, bidoni ngapi za maji zinatosha watu saba. Siku moja mmoja akatangaza kwamba moto umepoa. Wakafunga mizigo, tukarudi "nyumbani", na kuanzia siku ile mchezo ukawa wa kujenga nyumba kwa mawe ya volkano yaliyojaa uwanjani. Kulikuwa na mvulana ambaye tangu turudi hakuwa ametamka neno darasani. Ukuta wa wenzake ulipoanguka mara ya tatu akasogea, akasema, "Kubwa iende chini." Wakamsikiliza, na ukuta ukasimama.

Sisemi mchezo ni dawa ya kila kitu. Kuna waliolia miezi mingi kila lori zito likipita na kutikisa sakafu. Lakini kabla ya hapo nilikuwa naamini mchezo ni mapumziko: mtoto anasoma, akichoka anacheza, kisha anarudi kusoma. Nilichokiona pale ukutani ni hesabu, lugha, mpango, utaratibu na kumhurumia mwenzako, vyote kwa pamoja, na mimi sikuwa nimefundisha hata kimoja. Kazi yangu ilikuwa kuuliza swali moja kwa wakati wake.

Walimu wenzangu watasema: sawa, na wazazi je? Ni kweli, hapo ndipo pagumu. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi. Materneli bado inatoka mfukoni mwa mzazi, na mzazi aliyeuza makaa mchana kutwa ili alipe anataka kuona daftari limejaa. Namwelewa kabisa. Mama mmoja alikuja na sare ya mwanawe yenye matope akaniuliza kama nimegeuza shule kuwa shamba, kisha akaongeza, "Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi." Sikumjibu kwa maneno. Nilimwomba akae nasi asubuhi nzima.

Nilimpa mwanawe kalamu kwanza. Aliishika kwa ngumi, kama mtu anayeshika mwiko wa bugali, akaandika kwa bega badala ya vidole. Karatasi ikatoboka. Kisha nikampa udongo. Alifinyanga nyoka, akamkata vipande, akatengeneza mandazi madogo madogo kwa ncha za vidole vitatu, vile vile vitatu vinavyoshika kalamu. Nikamwambia mama: mkono wa miaka minne bado unajijenga, na unajengwa kwa kufinyanga, kukamua kitambaa chenye maji, kuchambua majani ya sombe, kufunga na kufungua mafundo. Ukimlazimisha kuandika kabla ya hapo anajifunza kuchukia kuandika. Baadaye tulitoka na chaki kwenye ukuta wa shule. Mawe yetu ni meusi, na chaki nyeupe inaonekana vizuri juu yake. Ubao ambao shule nyingi hapa mjini hulia kwamba hazina, sisi tumejengewa na mlima. Mtoto akichora duara kubwa ukutani anatumia mkono mzima, na huo ndio mwanzo wa herufi o.

Nikiwa kwenye habari ya vifaa, nionye jambo moja. Nilikuwa natumia maharagi kuhesabia. Mtoto wa miaka mitatu aliingiza moja puani. Kwa hofu nikajaribu kulitoa kwa kidole, nikalisukuma ndani zaidi. Lilitolewa kwenye kituo cha afya, na pale niliambiwa kwamba haragi likipata unyevu linavimba, na kwamba mtu asichokonoe. Tangu siku hiyo watoto wa miaka mitatu wanahesabia vifuniko vya bidoni na mawe makubwa yasiyoingia mdomoni. Maharagi ni ya wenye miaka mitano, nami nikiwa hapo hapo.

Sasa nizungumze juu ya mawe, maana ndiyo utajiri wetu. Watu wa miji mingine wanadhani darasa la asili linahitaji msitu. Goma ina mawe, ziwa, mvua na udongo mweusi unaootesha chochote. Asubuhi moja niliweka beseni la maji katikati ya watoto, nikawapa jiwe zito lililofumbata na jiwe jepesi lenye vitobo. "Lipi litaelea?" Karibu wote wakasema la vitobo, kwa sababu ni jepesi na lina nyumba nyingi ndani. Tukalitia. Likazama. Kimya. Halafu kwenye vile vitobo vikaanza kutoka viputo vidogo, kimoja kimoja, vikipanda juu. Mtoto mmoja akainama mpaka pua yake ikagusa maji, akasema, "Mwalimu, linapumua." Ningeweza kusahihisha. Badala yake niliuliza, "Linapumua nini?" Tukakaa na swali hilo mpaka saa ya kwenda nyumbani, na kesho yake watatu walikuja na mawe mfukoni kutoka kwao. Wiki iliyofuata ndipo tulipozungumza juu ya hewa na juu ya moto wa mlima uliochemka kama uji na kuacha matundu ulipopoa. Wale waliokuwa wanaogopa mlima walikuwa wameshika kipande chake mkononi.

Lakini asili ya kwetu si ya kuchezea ovyo, na anayeandika makala za kusifu nje bila kutaja mazuku hajatembea Goma. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini ni kaboni dayoksaidi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri na siku zisizo na upepo. Haionekani. Mtu mzima anaweza kusimama salama mahali ambapo mtoto, kwa sababu ya ufupi wake, anavuta kifo. Sisi hatuwapeleki watoto shimoni wala kwenye bonde, hata kama kuna maua mazuri namna gani, na kabla ya kwenda mahali papya tunawauliza wenyeji wa mtaa. Wazee wanajua. Ukiona panya au ndege wamekufa mahali, geuka. Watoto wenyewe tumewafundisha: mpira ukiangukia shimoni, hauokotwi, unaitwa mtu mkubwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mtaa una walimu wengi kuliko shule. Mama muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anayepita mbele ya lango tulimwomba aingie siku moja. Alitua beseni lake, akawaonyesha jinsi anavyopanga mafungu. Watoto wakapanga. Fungu moja likawa na samaki kumi na wawili, jingine wanane, na ugomvi ukazuka hapo hapo: haki iko wapi? Walihesabu wakahamisha, wakahesabu tena. Kisha mama akawasimulia jinsi wavuvi wanavyotoka usiku na mitumbwi mitatu iliyounganishwa, taa zikiwaka, wakiimba ili wapige kasia kwa pamoja, na kwamba zamani sambaza hawakuwemo katika ziwa letu la Kivu, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika. Siku tatu darasa zima lilikuwa ziwa: mabenchi matatu yamefungwa kamba, na nyimbo za Kihavu ambazo sikuwahi kuzisikia zikitoka kwa mtoto ambaye babu yake ni mvuvi.

Baba mmoja mjenzi alituonyesha namna ya kuchagua jiwe lenye uso wa kukalia kabla ya kulipaka saruji. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliligeuza chukudu lake juu chini ili wazungushe gurudumu na kuuliza kwa nini breki ni kipande cha mpira. Bibi mmoja anakuja kila Alhamisi na hadithi ya sungura na fisi. Anaanza kwa Kinande, anaingia Kiswahili, na watoto wanamfuata bila shida. Wapo wazazi wanaoona aibu kwa hilo, wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza. Kifaransa kitakuja. Mtoto ambaye hajawahi kusimulia jambo kwa lugha anayoota nayo atasimulia nini kwa lugha ya pili?

Habari moja kutoka mbali hunitia nguvu kila mara. Italia, mwaka 1945, vita vilipokwisha, wakaaji wa kijiji cha Villa Cella karibu na mji wa Reggio Emilia waliuza kifaru kilichoachwa na jeshi la Ujerumani, pamoja na malori na farasi, wakajenga shule ya watoto wadogo kwa matofali ya nyumba zilizobomolewa. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia, akapanda baiskeli kwenda kuona kwa macho yake. Kazi aliyofanya na wazazi kama wale inasomwa leo na walimu wa dunia nzima. Ilianzia kwa watu waliotoka kwenye vifusi, wenye mikono michafu, waliosema watoto wetu kwanza. Mimi nimewaona watu wa namna hiyo hapa, wakisogeza lava iliyopoa ili wapate pa kuweka darasa.

Kwa anayetaka kuanza, na ana watoto hamsini na msaidizi mmoja: usianze na wote. Asubuhi moja kwa wiki inatosha. Nusu wanabaki ndani na nyimbo na udongo, nusu wanatoka, kisha wanapishana. Chukua kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto ashike fundo lake. Omba wazazi wawili au bibi wa jirani, mmoja mbele, mmoja nyuma. Pita uwanjani kabla yao uokote chupa na misumari. Maji na sabuni viwe tayari mlangoni mtakaporudi. Na ukiwa huko, jizuie kueleza. Mimi hilo bado linanishinda siku nyingine, mdomo wa mwalimu una haraka.

Kile kitenge cha Sake bado kipo darasani, ndani ya kikapu pamoja na vitambaa vingine. Watoto waliokileta wako shule ya msingi sasa. Waliofuata wamekifanya shela la bibi harusi, pazia la hospitali, tanga la mtumbwi. Mwaka 2025, shule zilipofunguliwa baada ya risasi za Januari, vita vilipoingia mjini Goma, nilikuta wawili wamekitoa kikapuni asubuhi ile ile ya kwanza, wanakitandaza juu ya mabenchi bila kuongea. Nikatoka nje, nikachukua bidoni tupu, nikaja nikakaa chini karibu nao.