Pikapu za zamani au nakala za kisasa? Zote nimezifunga kwenye gitaa moja hapa Kirumba, Mwanza

Mkuu uliyeuliza kama utoe hela ya bodaboda mpya upate pikapu tatu za gitaa la Fender Stratocaster za miaka ya 1960, au uchukue nakala za kisasa ubaki na chenji: chukua nakala. Ila sikubaliani na waliokujibu kwamba zote ni sawa tu. Tofauti ipo, nimeisikia kwa masikio yangu. Shida ni kwamba kinachouzwa kwa bei hiyo sicho kinacholeta tofauti.

(Kwa mpita njia: pikapu ninayosema ni ile sumaku yenye koili chini ya nyuzi za gitaa la umeme, siyo Hilux inayobeba dagaa soko la Mwaloni.)

Kuna mzee wangu hapa Kirumba, alipiga solo kwenye bendi za dansi mpaka vidole vikachoka. Stratocaster yake alinunua Nairobi mwaka 1972, ikiwa mpya. Mwaka juzi pikapu ya katikati ikanyamaza. Nikaifungua, nikaweka mita: haisomi kitu. Waya umekatika ndani ya koili, na huo ndio ugonjwa wa pikapu hizi. Fender walikuwa wanazungusha waya moja kwa moja juu ya vijiti sita vya sumaku, kinga ikiwa ni laka tu. Sumaku yenyewe ni alniko, yaani mchanganyiko wa metali wenye chuma ndani, inashika kutu. Hewa yetu ya ziwani mnaijua. Kutu ikishapenya laka inautafuna waya, na waya wenyewe una unene wa milimita 0.063.

Nikaipeleka kwa fundi wa kusuka mota, Mabatini. Akavuta ncha ya waya kuelekea kwenye taa ili auone vizuri, ukakatikia mkononi kabla hata hajauona. Akacheka. "Bwana mdogo, mimi nasuka mota za pampu. Hizi ni nywele za mtoto, na unasema zimezunguka mara elfu ngapi?" Zaidi ya elfu saba. Akanirudishia.

Ndiyo tukaagiza nakala moja. Kwa hiyo nikajikuta na kitu ambacho wabishi wengi hawajawahi kuwa nacho: gitaa moja, volyumu ileile, nyuzi zilezile, amplifaya ileile, pikapu mbili za 1972 na moja iliyotengenezwa juzi.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Swichi ya gitaa lile, ya kuchagua pikapu ipi ilie, ina vituo vitatu tu; ile ya vituo vitano Fender walianza kuiweka kiwandani mwaka 1977. Lakini mzee, kama wapigaji wengi wa zamani, anajua kuisimamisha katikati ya vituo ili pikapu mbili zilie pamoja. Akaisimamisha. Sauti ikatoka nyembamba kama ya simu ya tochi. Hapo usikimbilie kulaumu nakala: koili mbili zilikuwa zinapingana, moja ikisukuma nyingine inavuta. Nikageuza waya mbili za ile mpya, nikalehemu upya, sauti ikajaa.

Bado mzee hakuridhika. "Inakwaruza. Irudishe ulikoitoa." Na kweli ilikuwa inakwaruza, na ukipanda juu kwenye shingo noti zilikuwa zinayumba kama haziko kwenye tyuni. Nikachukua pini ya karatasi nikaisogeza polepole kwenye kila pikapu. Kwenye nakala pini iliruka kutoka mbali; kwenye zile za 1972 mpaka uikaribishe. Alniko ikiachwa peke yake haipotezi nguvu hivyo hata ikae miaka hamsini. Lakini gitaa lile limeegemea migongo ya spika kubwa maisha yake yote, na sumaku ya spika haina adabu. Sumaku kali ikiwa karibu inavuta nyuzi zenyewe. Basi nikashusha nakala kwa skrubu zake, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kama milimita moja na nusu hivi. Mzee hakusema kitu. Aliendelea kupiga tu, mpaka chai ikapoa.

Baadaye nikaihamishia nakala kwenye nafasi ya pikapu iliyo karibu na shingo, kisha nikaiweka ya zamani palepale, nikirekodi kila mara. Nikamwambia ageukie mlangoni, asikilize na aseme ipi ni ya zamani. Mara tano, alipatia mara mbili. Huyu ni mwenye gitaa!

Alichokipatia kila mara ni kitu kingine kabisa: ukimya. Nakala yetu imesukwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, hivyo ikilia pamoja na mwenzake ule mvumo wa umeme unafutika. Jirani ana mashine ya kuchomelea mageti, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Za 1972 hazikuwa hivyo.

Na kuna mahali nakala imenakili mpaka kisichohitajika. Sumaku ya uzi wa tatu ni ndefu kuliko inavyotakiwa, kwa sababu enzi za muundo ule uzi wa tatu ulikuwa wa kuviringwa, yaani umezungushiwa waya mwembamba. Leo wengi tunafunga uzi mtupu, nao unapiga kelele kuliko wenzake. Ukiagiza, omba zenye vichwa vilivyo sawa, labda kama na wewe umejifunza kuugusa taratibu kama mzee.

Aliyeuliza kuhusu pikapu za Gibson, za kuanzia 1957: hadithi haitofautiani sana. Usukaji haukuwa na kipimo kimoja, sumaku iliwekwa iliyopatikana, kwa hiyo mbili halisi zinaweza kupishana zenyewe kwa zenyewe. Muuzaji wa nakala muulize amenakili ipi.

Na msigombanie namba za mita, yaani ukinzani wa koili. Shaba inapanda ukinzani kwa joto, karibu asilimia nne kwa nyuzi joto kumi. Pikapu iliyosoma kiloomu 5.6 alfajiri, mchana wa Mwanza itasoma 5.8.

Kama za zamani zimekuja na gitaa lako, usizitoe. Ile iliyokufa mzee anayo bado, kwenye kopo la maziwa ya unga. Kuna jamaa ameshaipandia bei mara mbili, zaidi ya tulivyonunulia nakala inayolia, na mzee amekataa.