Rangi gani itamfaa mbwa wangu wa kahawia?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina mbwa jike wa kahawia iliyokolea, mpaka pua yake ni kahawia. Nilimnunulia sweta la damu ya mzee. Dukani lilinivutia, lakini alipolivaa alififia, utadhani kapakwa matope. Dada yangu, ambaye mbwa wake ni mweusi, anasema wa kahawia havai ila malai. Ni kweli? Na huyo mweusi avae nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Malai itampendeza, ila si hiyo tu. Kahawia ya mbwa ina wekundu ndani yake, na damu ya mzee ni ndugu yake wa karibu. Ukiziweka pamoja zinamezana. Mtafutie rangi iliyo mbali na wekundu: feruzi, bluu ya bahari, kijani cha majani machanga. Mimi ningeanza na feruzi. Sijamwona mbwa wa kahawia aliyeivaa asing'ae.

Tena tazama ile pua. Mbwa wa kahawia halisi mwili wake hautengenezi rangi nyeusi, ndiyo maana pua, kingo za macho na nyayo zote ni kahawia. Nguo nyeusi humkaa kama ya kuazima, hana weusi wa kuiitikia. Lakini mbwa wa manjano mwenye pua nyeusi, mvishe nyeusi uone.

Kuhusu mweusi, nilijifunza kwa mbwa wangu mweusi, Bosi, niliyeishi naye miaka 11. Koti la kwanza nililomshonea lilikuwa la bluu iliyokaribia weusi, kitambaa kizuri, kazi ya jioni tatu. Usiku wa kwanza tulipotoka, mwendesha baiskeli nusura amgonge kwa kuwa hakumwona kabisa. Nilirudi nyumbani nikilia. Tangu siku hiyo mbwa mweusi namshonea manjano au chungwa, na utepe unaoakisi mwanga mbavu zote mbili. Isitoshe, macho ya mbwa hutofautisha vizuri bluu na manjano, ilhali nyekundu kwake hufifia. Kwa hiyo koti la manjano Bosi naye aliliona.

Usichague rangi chini ya taa za duka. Mtoe mbwa nje mchana, mshikie kitambaa chini ya kidevu, kisha tazama uso wake. Macho yake yakikuvuta kabla ya kitambaa, umepata. Kitambaa chekundu kipya kifue kwanza, maana kikilowa huweza kutoa rangi, na mbwa mweupe atabaki na kifua cha waridi. Na akianza kuhema ulimi nje, mvue hapo hapo, hata kama amependeza vipi.

Sweta usilitupe. Lishonee ukosi wa malai, upana wa vidole vitatu, ili damu ya mzee isiguse manyoya ya shingoni. Ukimaliza nitumie picha, ila ipige nje, asubuhi.