Kwanza Jiulize Linachemsha Wapi

Vitz yangu niliinunua mkononi mwa mtu, namba C, cc 990, muuzaji akiapa kwamba injini haijawahi kuguswa. Mwezi wa pili tangu niinunue ilichemsha Kitonga, mlima ulio njiani kwenda Iringa. Miezi sita baadaye ikachemsha tena mlima ule ule, na katikati ya mara hizo mbili nilikuwa nimeshang'olewa themostati, nimenunua pampu ya maji mpya na kutajiwa bei ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari. Kibovu kilikuwa kifuniko cha rejeta. Kipya kilinigharimu shilingi 15,000.

Kwa wasioijua Vitz ya aina hii, haina mshale wa joto. Ina taa mbili: ya bluu inawaka injini ikiwa bado baridi, na nyekundu joto likishapita kiasi. Katikati hapo hakuna kitu. Mwenye mshale anauona ukipanda taratibu akajiandaa. Sisi tukiiona nyekundu, mambo yameshaharibika. Kwa hiyo inabidi ujifunze dalili nyingine. Siku ile AC ilianza kuleta hewa ya moto tukiwa nyuma ya lori, gia ndogo, tumetoka kununua vitunguu Ruaha Mbuyuni. Nikailaumu AC. Magari mengi hukata AC yenyewe injini ikizidiwa na joto, na mimi sikulijua hilo. Dakika chache baadaye nyekundu ikawaka.

Tukaegesha. Mdogo wangu akavua shati alifanye kitambaa cha kufungulia kifuniko, utingo wa lori moja akampigia kelele kutoka juu: "Broo, acha! Itakutoa uso hiyo!" Tukasubiri karibu saa nzima. Nilichoona wakati tunasubiri ni kidumu cha akiba, kile cha plastiki pembeni ya rejeta, kimejaa mpaka mdomoni. Nikafurahi. Nikamwambia mdogo wangu maji yapo, tatizo si maji. Jibu zima la safari lilikuwa mbele ya macho yangu nami nikalisoma kichwa chini.

Fundi wa kwanza hakuuliza swali hata moja. Alitoa themostati. Hii ni dawa ya mafundi wengi kwetu, na wana hoja: ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inapoa. Lakini themostati iko pale kwa kazi. Inabaki imefunga mpaka maji yafike nyuzi 80 na kidogo, ili injini ipate joto lake haraka, kisha inafunguka. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakunywa mafuta zaidi, oili inachelewa kupata moto. Nakaa Kimara. Baada ya kutolewa themostati, asubuhi taa ya bluu ilikuwa inanisindikiza mpaka Ubungo.

Nikiwa Dar fundi wa pili akasema pampu. Nikanunua pampu. Wiki hiyo hiyo ikawaka taa ya cheki injini, na feni ikawa haizimi tangu nawasha gari mpaka nazima. Nikapelekwa kwa mtu mwenye kompyuta, akasoma P0118, akatikisa kichwa kama daktari, akasema kontrol boksi imekufa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wengi tunaliwa hapa. Namba ya kompyuta haikwambii ubadilishe nini. Inakwambia ni mahali gani kompyuta ya gari imepokea taarifa isiyoeleweka. P0118 maana yake saketi ya sensa ya joto la maji inatoa umeme mkubwa kuliko kawaida, na mara nyingi hiyo ni waya uliokatika au soketi iliyochomoka. Gari likikosa taarifa ya joto, kwa usalama linawasha feni moja kwa moja. Mdogo wangu alifungua boneti akaifuata sensa kwa vidole: soketi ilikuwa imekaa nusu, haijaingia mpaka ilie "ta". Fundi wa pampu aliichomoa akasahau kuisukuma. Aliisukuma, tukafuta namba, taa haikurudi. Kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu hakina bei ya kutisha, na nadhani kila mwenye gari la mkononi anastahili kuwa nacho kabla hata hajanunua kapeti. Kwenye gari kinalokubaliana nalo, kinakuonyesha joto la maji kwa nyuzi, kwa hiyo hata sisi tusio na mshale tunapata mshale.

Juni tukapanda tena kwenda Iringa. Kitonga, nyekundu. Tukapoza, tukajaza maji, tukaendelea. Na huko juu, baridi ya Juni ikipuliza, tukiteremka mteremko mrefu, taa ya bluu ikawaka. Gari moja, mchana mmoja, limechemsha na limeganda. Nilicheka, kisha nikataka kulia.

Mzee aliyenipokea Iringa ana gereji ya bati mbili na mwembe. Nilimwamkia, akaitika, na kabla hajagusa boneti akaniuliza, "Mwanangu, huwa linachemsha wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia mlimani tu, foleni ya Dar hata saa mbili halina shida.

"Basi feni nzima," akasema. "Liache hapa lilale."

Akanieleza, na tangu siku hiyo ndivyo ninavyowaeleza wengine. Likichemsha kwenye foleni lakini barabara kuu linapoa, mtuhumiwa ni feni: mota, fyuzi, rilei, au sensa inayoiamuru. Ukiwa mwendoni upepo unafanya kazi ya feni, ndiyo maana haujui kama imekufa. Likichemsha mlimani au mwendo mkali huku mjini limetulia, maji ni pungufu au hayapiti vizuri: rejeta imeziba, pampu imechoka, themostati imegoma kufunguka, presha inavuja. Na kama mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, au unaona mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo ndipo uanze kutaja gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Wapo wanaoitaja kwanza. Kushusha hedi kunalipa.

Asubuhi, gari limepoa kabisa, akafungua kifuniko. Kidole chake hakikugusa maji. Kidumu cha akiba kimejaa. Akanigeuzia kifuniko: raba ya chini imekauka, imemeguka upande mmoja kama ukoko wa wali. Maji yakipata moto yanatanuka na kukimbilia kidumu. Kifuniko kizima kinayazuia mpaka presha ifike kiwango chake, na gari likipoa kinayavuta yarudi. Changu kilikuwa kinaachia mapema na kuvuta hewa badala ya maji. Kila safari rejeta ilikuwa inapungua na kidumu kinajaa.

Na presha yenyewe ina kazi nyingine. Kifuniko kinachoshika 1.1, ile namba iliyoandikwa juu yake, kinafanya maji yachemke karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Kisiposhika, unarudi kwenye maji ya sufuria, na Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Feni nyingi huanza kuzunguka karibu na hapo. Yaani kadiri nilivyopanda ndivyo nafasi yangu ilivyozidi kubana.

Akabadilisha kifuniko, akamwaga yale maji ya bomba yaliyokuwa na kutu, akaweka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, akanirudishia themostati.

Ukienda kukagua gari la mtu, fika likiwa limepoa, na mwambie mapema asiliwashe. Fungua rejeta uone rangi ya maji. Washa switchi bila kuwasha injini: taa za cheki injini, oili na betri lazima ziwake zote, kisha zizime injini ikinguruma. Ambayo haiwaki kabisa huenda imefichwa, na aliyeificha ana sababu. Washa AC, feni izunguke. Feni inayozunguka mara tu unapofungua switchi, kabla ya lolote, huenda imeungwa moja kwa moja na fundi wa waya, au sensa haitoi taarifa kama ilivyokuwa yangu, muulize kwa nini. Ukishakuwa na gari lako, taa ya betri na ya joto zikiwaka pamoja simama hapo hapo, kwenye injini nyingi mkanda mmoja ndio unaozungusha oltaneta inayochaji betri na pampu ya maji, na huenda umekatika. Na usiitegemee nyekundu peke yake: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na inaweza kukaa kimya injini ikiungua.

Siku hizi taa ya bluu inazima kabla sijafika Korogwe, kituo cha basi kilicho jirani tu na nyumbani Kimara. Kitonga nimeshapita mara nne. Kila nikifika juu nasimama kidogo, nafungua boneti, natazama kidumu.