Fomula inarudi maandishi badala ya jibu

Ndugu yangu wa Mbarara, nimekuelewa: unasoma faili la mikopo ya SACCO kwa Python, na penye jumla ya shilingi unaletewa =SUM(C2:C41). Hujakosea. Openpyxl, maktaba ya Python ya kushughulikia faili za Excel, haipigi hesabu, inasoma na kuandika tu. Ukiweka data_only=True unapofungua faili, inakupa jibu ambalo Excel ililihifadhi mara ya mwisho; kama faili limeandikwa na programu yako na Excel haijaligusa, utapata None, yaani hakuna jibu.

Mimi faili hulipitisha kwanza LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Excel, ilipigie hesabu bila hata kufungua dirisha, kwa amri hii:

soffice --headless --convert-to xlsx --outdir tayari mikopo.xlsx

Kisha nasoma nakala iliyo kwenye folda ya "tayari" kwa data_only. Ukiwa mtu wa Java, maktaba ya Apache POI ina FormulaEvaluator yake ya kupiga hesabu za fomula.

Ila chonde, usihifadhi faili ulilolifungua kwa data_only juu ya lile la asili. Fomula zote zinafutika, zinabaki namba tupu. Yalinikuta, nikaziandika upya usiku kucha, na umeme nao ukakatika! Na hesabu za riba mpe mhasibu wenu azikague kabla wanachama hawajalipwa.