Jibu: Grok, ChatGPT au Gemini, nilipie ipi?

Mkuu, umeuliza kama Grok, programu ya akili bandia (AI) ya kule X (zamani Twitter), inatosha kuziacha nyingine kama hiyo, ChatGPT na Gemini, maana bajeti yako ni ya kulipia moja tu. Inategemea unaitaka kwa kazi gani.

Kwa mambo yanayotokea sasa hivi, Grok ina faida yake: inasoma machapisho ya X yanavyoingia. Kukiwa na mechi au uchaguzi, inakupa watu wanasema nini kabla magazeti hayajaandika. Ila kasoro yake iko hapo hapo, kwa sababu uvumi ukienea X, nayo inaweza kuubeba kama ulivyo. Julai 2025 ilimwaga maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi na kumsifu Hitler hadharani, mpaka xAI, kampuni ya Elon Musk inayoitengeneza, ikaomba radhi. Mimi nikiiuliza habari, nafungua machapisho iliyoyataja nisome mwenyewe.

Kwa barua, ripoti na Kiswahili cha kueleweka, kwangu ChatGPT bado iko mbele. Gemini ni ya Google, kwa hiyo inamfaa zaidi mtu ambaye kazi zake zote ziko Gmail na Google Drive.

Halafu usikimbilie kulipa. Mwanzoni, Novemba 2023, Grok ilikuwa ya wanaolipia X tu, lakini tangu Desemba 2024 hata asiyelipa anaitumia, kwa kikomo. Hizo nyingine mbili pia zina upande wa bure. Chukua kazi yako halisi ya wiki hii, zipe zote tatu, kisha linganisha majibu.