Kwa unayeanza katuni za midoli: anza na mwanga

Kila anayekuja kujifunza kwangu hapa Ngamiani hufika na midoli mkononi, akitaka kuisogeza siku hiyohiyo. Namwambia aiweke kando kwanza, tushughulikie mwanga.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: unampiga mdoli picha, unamsogeza kidogo, unapiga tena. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Sisi tunapiga 12, kila moja ikionekana mara mbili, na jicho linaridhika. Sekunde 10 basi ni picha 120, na hadithi yako ya kwanza isizidi hapo.

Kwa mandhari ya nyuma ya mdoli, wengi huchagua karatasi nyeupe wakidhani ndiyo nyepesi kwa kuwa haina mapambo. Mdogo wangu, ni ngumu kuliko zote. Penye vikorokoro vingi, mwanga ukibadilika kidogo hakuna anayegundua. Penye weupe mtupu, skrini nzima inapepesa. Katuni yangu ya kwanza niliipiga dirishani, mchana wa Julai, mawingu ya kusi yakipita. Picha mojamoja zilipendeza. Nilipozichezesha, weupe ukawa unawaka na kufifia. Picha zaidi ya mia mbili nilizifuta, na iliniuma sana.

Sasa naziba dirisha kwa pazia zito na kutumia taa mbili, kila moja nyuma ya kitambaa cheupe chepesi ili vivuli vilainike. Usiviue vyote: kivuli hafifu miguuni ndicho kinachomfanya mdoli aonekane amekanyaga chini. Manila, yaani hiyo karatasi nyeupe ngumu, ibandike ukutani na kuiteremsha mezani kwa mpindo mpana. Ukiikunja, mstari utaonekana hadi mwisho. Zima feni pia, kwa sababu hutikisa karatasi. Najua joto la Februari hapa Tanga, ndiyo maana hufanya kazi hii baada ya Isha.

Simu nayo ina tabia yake. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na manila inatoka ya kijivu. Kwenye simu nyingi, ukishikilia kidole juu ya mdoli, fokasi na mwanga hujifunga. Kisha pandisha mwanga taratibu mpaka karatasi iwe nyeupe bila kumeza kingo za mdoli. Kama programu yako inaruhusu, funga rangi pia, isibadilike kati ya picha na picha. Balbu za LED za bei ndogo hupepesa kwa umeme wetu wa hezi 50. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ikiwa 1/50 ya sekunde au ya polepole zaidi husaidia. Piga kwa kitufe cha sauti cha hedifoni, usiiguse simu. Na ukitoka msikitini, vua kanzu nyeupe kwanza: hurudisha mwanga juu ya mdoli, na ukisogea hatua moja tu, mwanga unabadilika.

Ndipo umshike mdoli. Mbandike miguu kwa plastisini, ule udongo laini wa kuchezea. Mwendo wake uanze kwa hatua ndogo, uongezeke katikati, upungue anapokaribia kusimama. Akisimama, mpige picha 6 hadi 8 bila kumgusa. Hapo ndipo mtazamaji huona kwamba anawaza, na mimi sehemu hiyo naipenda kuliko mwendo wowote.

Ukimaliza, usibandue manila wala kuhamisha taa. Chezesha picha zote kwanza, mara mbili tatu. Ikikosekana hatua moja, bado unaweza kumrudisha mdoli mahali pake ukaipiga.